Nyumba Ndiyo Inauzwa, Sio Watu wa Ndani

Leo nakosana na watu wa kazi yangu, na sina shida. Watu wa kamera, kaeni chini kidogo.

Mnazijua hizo video. Nyumba inauzwa Karen, ama Lavington, ama hapo tu Syokimau. Msee wetu anaingia na simu mbele yake kama tochi. "Maze, cheki hii jiko!" Anafungua kabati. Anafungua friji. Anapanda ngazi bila kuuliza mtu, anaingia chumba cha kulala, anajitupa kitandani na kurukaruka ndio tuone godoro ni poa. Bei imeandikwa juu kwa herufi kubwa. Na pale kwa kona ya video, sekunde mbili tu, anapita mama ameshika kitambaa cha kupangusa vyombo. Hajui aangalie wapi. Anarudi nyuma polepole, anatoka jikoni kwake mwenyewe.

Watu elfu ngapi walitazama na hakuna aliyeuliza huyo mama ni nani.

Mimi nauliza. Na nasema hivi: nyumba ikiwekwa sokoni, walio ndani hawajawekwa sokoni. Mpaka siku uhamisho usajiliwe na funguo zibadilishe mikono, hapo ni kwa mtu. Wewe ni mgeni. Na kama ni mgeni ambaye hana hata wazo la kununua, ameenda tu kutafuta watazamaji, basi ameingia kwa uongo. Tusizungushe maneno.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tulilelewa vizuri. Ukienda ushago kwa shosho, geti iko wazi, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka watakavyo, na bado unasimama hapo nje unapiga hodi mpaka sauti itoke ndani, "Karibu." Hata kama ni kwa shosho yako. Hata kama ulizaliwa kwa hiyo nyumba. Sasa huyo huyo mtoto wa shosho akishaonyeshwa bango la "Inauzwa", adabu yote inapotelea kwa geti. Ni kama hilo bango limempa ufunguo.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Lakini mwenye nyumba alikubali watu waingie." Alikubali uone. Hakukubali nchi nzima ione. Hivyo ni vitu viwili, na hata sheria inavitenganisha. Mimi si wakili, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma Katiba hakuhitaji digrii. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinazungumzia faragha, na kinaitaja nyumba ya mtu waziwazi, kuwa asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake. Kinataja pia mambo ya familia yasianikwe pasipo haja. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mnadhani ni ya kampuni kubwa tu na hizi app za mikopo? Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule moja nayo ikala faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila wazazi kukubali. Sasa wewe kwa video yako ya dakika tatu umeonyesha picha ya ukutani ya mtoto amevaa sare, jina la shule linasomeka kwa beji. Umeonyesha TV iko wapi, mlango wa nyuma umefungwa na kufuli gani, dirisha gani halina vyuma. Mwizi mwenyewe angelipa kupata hiyo kazi, na wewe umemfanyia bure, tena na muziki.

Wacha niwaeleze kwa nini hii kitu haiishi kichwani mwangu.

2019 nilikuwa Fomu Tatu. Wazazi wakauza nyumba yetu Kitengela. Buda alikuwa na hadiwea, akachukua mkopo wa benki, nyumba ikawa ndiyo dhamana. Biashara ikaanguka. Kama hujawahi kuishi na barua za benki sikuombei ujue, lakini mtiririko wake ni huu. Kwanza notisi ya siku 90 kwamba umeshindwa kulipa. Usipolipa, notisi nyingine ya siku 40 kwamba wanataka kuuza. Halafu dalali wa mnada naye anakupa zake 45. Ukihesabu ni karibu miezi sita ya kulala ukiangalia dari. Sisi ilifika ile ya kwanza tu, mathe akasema heri tujiuzie kuliko kuuziwa. Kwa mnada nyumba huenda kwa bei ya kurusha, na kilichobaki cha deni bado unafuatwa nacho.

Kwa hivyo Agosti yote, likizo, watu walikuja kuona nyumba. Wikendi ndio ilikuwa mbaya zaidi. Mathe alikuwa anaamka saa kumi na moja kupiga deki, anatupanga kwa sebule kama tunaenda kupigwa picha ya pasipoti. Broka anasema watu wanakuja saa nane, wanafika saa kumi na nusu, wako sita, na wawili kati yao ni marafiki waliopewa lifti. Kungojea tu ni kazi. Huwezi kupika kitu kinachonukia, huwezi kufua, huwezi kulala mchana. Unaishi kwako kama umelipia kwa saa.

Mzee mmoja alivuta droo ya siz yangu. Droo! Ukinunua nyumba, droo inabaki? Nguo za ndani za msichana wa miaka kumi na minne zinaongeza thamani ya ploti? Alivuta, akaangalia, akafunga, akaendelea kuongea juu ya simenti. Siz hakutoka kwa hicho chumba hadi usiku.

Kundi lingine lilianza kuongea kilugha katikati ya sebule, wakidhani kwa sababu ya jina letu hatuwezi kuelewa. Wakasema, hawa wamekwisha, tungojee wiki mbili watashuka wenyewe. Mathe amekulia huko kwao. Alielewa kila neno. Na bado aliwaletea chai, akawawekea sukari, akakaa nao. Mimi nilitaka kumwaga hiyo chai kwa lami.

Na kuna yule dem wa nguo kali aliyeinama akamuuliza ndugu yangu mdogo, wakati huo ana miaka minane, "Kwani mnahama kwa nini?" Kwa sauti ya kubembeleza hivi, kama mwalimu wa nasari. Akasema, "Baba ana deni." Hakuna mtu alikuwa amemwambia. Alisikia kupitia ukuta. Buda alikuwa amesimama hapo mlangoni.

Nikiona mtu akikimbia na simu ndani ya nyumba ya watu akicheka, huwa nakumbuka uso wa buda siku hiyo. Kwa sababu ukweli ni kwamba watu wengi hawauzi nyumba wakiwa na furaha. Wapo wanaohamia pakubwa, sawa, hongera kwao. Lakini kuna wale wa deni, wa talaka, wa mzazi amekufa na ndugu wanagawana, wa bili ya hospitali. Nyuma ya hayo maneno "bei inaongeleka" kuna kitu kimevunjika mahali. Huwezi kujua ni gani. Kwa hivyo ingia kama hujui.

Sasa nisikie vizuri, sisemi mnunuzi awe mpole. Hapo ndio watu hunielewa vibaya. Nyumba ni pesa nyingi pengine kuliko utakayoshika tena maishani, na ukiingia ukitabasamu tu utauziwa ukuta wenye nyufa na rangi mpya juu. Kuwa mkali. Lakini kuwa mkali mahali panapofaa. Wakenya tunapekua pabaya. Mtu anafungua friji ya watu, anapiga picha viatu vyao, anauliza wanalala wangapi kwa chumba, halafu anatuma pesa ya kuonyesha nia bila kufanya sachi ya ardhi. Ameona kila kitu isipokuwa kitu alichokuja kununua.

Aliyetununulia Kitengela alikuwa mama mmoja nesi, alikuja na boda. Alivua viatu mlangoni, na hatukuwa tumemwambia. Kila mlango aliuliza, "Naweza kufungua hapa?" Kisha akaanza kazi. Alifungua mifereji yote kwa pamoja akaona presha inashuka. Akauliza maji ya kaunti yanakuja siku gani na tenki inakaa siku ngapi ikijaa. Akaomba kupanda juu aione hiyo tenki, na akapanda, na leso yake. Alikuwa na chaja ya simu kwa mkoba, akajaribu soketi moja baada ya nyingine. Akasogea nyuma ya kiti cha sebule akaomba kwa heshima tukisogeze, akaupata ufa ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeuzoea. Akauliza mvua ya Aprili inapitia wapi. Akarudi Jumatano jioni peke yake, hakuingia hata, alisimama tu nje asikie kelele ya hapo mtaani, akaongea na wa duka. Baadaye kupitia broka alitukata bei vibaya sana. Buda alisema huyo mama angefaa kuwa benki.

Huyo ndiye mnunuzi aliyekuwa mkali kuliko wote, na ndiye pekee ambaye shosho alimwombea akienda.

Kwa hivyo usiniambie adabu inakufanya uibiwe. Yule wa droo hakuona ufa.

Hilo swali la mvua lichukue. Ukienda kuona nyumba Kitengela, Athi River, Mlolongo, ama popote karibu na mto Nairobi leo, uliza mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifika wapi. Uliza kwa upole, uliza na jirani, angalia alama ya maji ukutani nje. Swali kama hilo lina maana na hakuna mwenye nyumba mwenye akili atakasirika. "Kwani mnauza kwa nini" unaweza kumuuliza mwenye nyumba mwenyewe, mtu mzima, pembeni, na akikupa jibu fupi unaliacha hapo. Sio mtoto. Sio dada wa kazi, ambaye ukimuuliza umemweka pabaya na mwajiri wake. Sio mlinzi wa geti ukimpa mia mbili.

Na upekuzi wa kweli hata haufanyiki kwa hiyo nyumba. Unafanyika kwa rekodi za ardhi. Unaomba nambari ya ploti na nakala ya hati miliki, unafanya sachi, siku hizi maeneo kama Nairobi iko kwa Ardhisasa tangu 2021. Hapo ndio utajua jina lililo kwa hati ni la nani, ukubwa ni upi, kama kuna zuio, kama benki imeishika. Unauliza kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa mpaka lini, na kama ni ploti ya lisi, ile ya serikali kuu nayo, na lisi imebakisha miaka mingapi. Unauliza kama ni nyumba ya ndoa, kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwa ndoa ya mke mmoja haiuzwi bila wote wawili kukubali. Kuna watu wamelipa mume pesa, mke akatokea mahakamani na marinda yake safi akasema hakuwahi kusikia. Pia weka akilini ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ukiwa mjini na 2 mashambani, juu ya bei. Hayo ndiyo maswali magumu. Hakuna hata moja linalohitaji uingie chumba cha kulala cha mtu na viatu.

Haya, turudi kwa watu wangu.

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni huu: "Tunawapa vijana ndoto. Mtoto wa bedsita Pipeline anaona inawezekana." Nimefikiria sana juu ya hii kwa sababu si ya kipuzi. Mimi pia nililelewa na picha za nyumba ambazo sitawahi kulala ndani. Kuota si dhambi, na mtu asiye na doo ana haki ya kuona vitu vizuri. Lakini ndoto yako haihitaji kitanda cha mtu ambaye bado analala hapo. Tembea Ruaka, tembea Kileleshwa, Kilimani, kila kona kuna ghorofa mpya na kuna nyumba moja wameipanga vizuri ya kuonyesha wageni. Hakuna anayeishi ndani. Matunda yaliyo mezani ni ya plastiki. Hao wajenzi wanataka video yako kuliko unavyoitaka wewe, watakupea hata maji ya chupa. Waambie wazi kazi yako ni gani. Ota huko mpaka uchoke.

Na kama ni nyumba yenye watu na una sababu ya kweli ya kurekodi, basi omba kabla, siku moja kabla, sio mlangoni na kamera imeshawashwa. Mwenye nyumba aseme vyumba gani. Picha za familia zitolewe ukutani ama zifunikwe. Akisema hapana, ni hapana. Ukinunua hiyo nyumba utarekodi mpaka choo, hakuna atakayekuzuia.

Utetezi wa pili ndio unanichosha: "Kama hataki watu waingie, asiuze." Yaani buda angefanya nini, angeficha nyumba? Soko linamlazimisha afungue mlango. Mtu aliyelazimishwa na shida kufungua mlango anafaa heshima zaidi, sio chini. Hiyo kauli ni kama kumwambia mtu yuko wodini kwamba kama hataki kuonekana na gauni la hospitali, asigonjeke.

Mabroka, msidhani nimewasahau. Nyinyi ndio mnaruhusu hii kitu. Kuna Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na kuna bodi ya kusajili, lakini nusu ya wanaotembeza watu mtaani hawajawahi hata kuwaza kusajiliwa. Broka anajua kabisa hawa wanne kwa gari hawana nia, lakini anawaleta ili mwenye nyumba aone "kuna mwendo". Analeta watu bila kupiga simu. Analeta watu saa mbili usiku. Wapangaji ndio wanaumia zaidi hapo. Nyumba inauzwa juu ya kichwa chao, hawatapata hata shilingi ya hiyo mauzo, na bado wanaambiwa watandike vitanda wageni wanakuja. Ukiingia nyumba yenye mpangaji, yule ndiye mwenyeji wako kwa hiyo nusu saa. Msalimie kwanza yeye. Anajua choo gani kinaziba na jirani gani anapiga mziki hadi alfajiri. Mpuuze na hatakuambia.

Na kwa sababu leo sibagui: wenye nyumba pia mna tabia. Yule nesi wetu alipofika na boda, broka alimwangalia miguu mpaka kichwa akamwambia "madam, hii si ya kupangisha." Karibu atupotezee mnunuzi. Mtu akija na matatu, akiwa kijana, akiwa na nywele ambazo hamzielewi, mnamwonyesha sebule tu na kumharakisha nje. Halafu anayekuja na gari kubwa, ambalo pengine ni la shemeji yake, anapewa soda na ziara kamili ya vyumba vyote. Mimi ninayesema watu wasiende bila nia ndiye pia nasema usipime nia kwa viatu. Uliza kwa simu kabla, kwa heshima: unatafuta ya aina gani, uko na bajeti ya kiasi gani, unapanga kununua kwa pesa taslimu ama mkopo. Mtu wa kweli atajibu bila shida. Mtu wa video ataanza kigugumizi.

Kuna hii nyingine ya bei ambayo lazima niseme. Tuko na imani kwamba ukitaka kupunguziwa lazima uikosoe nyumba mbele ya mwenyewe. "Hii jiko ni kama ya bedsita." "Hizi rangi ni za kanisa?" "Mimi hapa nabomoa yote." Msee, huyo mama alichagua hiyo rangi. Alikopa chama kununua hizo kabati. Na hata kibiashara ni ujinga. Mtu aliyetukanwa nyumba yake hashuki bei, anapanda, ama anakungojea umalize kisha anamuuzia mwingine kwa chini kidogo ili tu isikufikie wewe. Nimeona. Sema "tutapiga hesabu, tutazungumza kupitia broka," halafu ukifika kwa gari, madirisha yakiwa yamefungwa, muite hiyo jiko jina lolote unalotaka. Ukitaka kukata bei, kata na ufa, kata na tenki inayovuja, kata na miaka iliyobaki ya lisi. Vitu vyenye nambari.

Mambo madogo nayapitia haraka. Usije na watoto wakimbie na biskuti kwa kochi la watu. Ukitaka choo, omba, na ukishaenda uhakikishe maji yameshuka. Geti wakitaka uache kitambulisho, acha bila kumpigia mlinzi mdomo, si yeye aliandika hiyo sheria. Ukichelewa, piga simu, kwa sababu kuna mtu amezima jiko akikungoja. Ukiletewa chai, kunywa hata nusu. Kuna shosho aliyevaa leso yake nzuri kwa kona, usipite kama ni kiti. Msalimie. Usimuulize ataondoka lini. Yaani hata hii natakiwa kuiandika, lakini shosho wangu aliulizwa.

Na ukishaona na haikufai, tafadhali sema. Hii ndio watu hawafanyi kabisa. Unaenda, unazunguka saa nzima, unasema "ni poa sana, tutawapigia," halafu kimya. Mathe alikuwa anaweka simu kwa mto akilala. Wiki mbili mtu aliyesema atapiga Jumatatu hakupiga, na sisi tulikuwa tumemkataa mwingine juu yake. Meseji ni pesa kidogo tu. Andika jioni hiyo hiyo: "Habari mama, asante kwa kutukaribisha leo. Nyumba ni nzuri lakini haitatufaa. Tunawatakia mnunuzi mwema." Tuma kwake ama kwa broka, kisha ulale.